Usiku mmoja Chepauk: uzoefu wangu na Chennai Super Kings

Wengi wetu tukisikia Chennai, mji wa India, tunafikiria hospitali. Mimi pia nilifika huko kwa sababu hiyo. Mjomba wangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka 2023, na Aprili 2024 alitakiwa kurudi kwa daktari kuangaliwa, nikaenda kumsindikiza. Kliniki ilikuwa Jumanne. Siku moja kabla, Jumatatu tarehe 8, Chennai Super Kings, timu ya mji huo kwenye IPL, ligi ya kriketi ya India, walikuwa nyumbani wakicheza na Kolkata Knight Riders. Mjomba ndiye aliyenifundisha kriketi nikiwa mdogo, kwa gongo la mbao za sanduku na mpira wa tenisi uliochakaa, na timu hii tumeifuata kwenye televisheni kwa miaka mingi. Nikajiambia hatuondoki Chennai bila kuiona.

Tiketi ndiyo kazi. Zilikuwa zinauzwa mtandaoni, bei ya chini rupia 1,700, na zinakwisha ndani ya dakika chache. Nilikaa kwenye foleni ya simu mpaka zamu yangu ikafika, halafu nikaambiwa niweke namba ya simu ya India ili nitumiwe msimbo. Nilipomaliza kuazima simu ya mwenye nyumba tuliyopanga, hakuna tiketi hata moja. Mlanguzi mmoja wa mtaani akatutajia 7,000 kwa kichwa, nikamwambia mjomba tuache. Aliyetuokoa ni yule yule mwenye nyumba. Wanawe walikuwa na mtihani, akatuachia tiketi zao kwa bei iliyoandikwa. Ukienda, tafuta mwenyeji mapema, na mlanguzi usimguse.

Ilikuwa tarehe 28 Ramadhani. Mimi nimefunga, mjomba anakunywa dawa. Uwanja wenyewe, M. A. Chidambaram, ambao kila mtu pale anauita Chepauk, uko karibu na Msikiti wa Wallajah wa Triplicane, msikiti wa karne ya 18. Tukafuturu hapo kabla ya mechi. Wanaokugawia chakula ni Wahindu, watu wa kujitolea, na wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Kijana mmoja aliyenijazia uji alikuwa amevaa jezi ya njano ndani ya shati. Aliona nimeitazama, akatabasamu, akaniongeza uji. Kisha tukachukua bajaji, maana goti la mjomba halikuwa la kutembezwa kwa haraka.

Mimi ni Simba tangu utotoni, na njano kwetu ni rangi ya watani. Lakini nilipotokeza juu ya ngazi za jukwaa nikauona uwanja mzima umewaka njano, nilisimama pale pale mpaka watu wa nyuma wakanisukuma taratibu. Kila mtu ana filimbi. Bibi wa miaka sabini hivi aliyekaa mbele yetu alikuwa na yake shingoni, amefunga kwa uzi wa maua ya asumini aliyosuka nywele.

Mechi ilianza saa moja na nusu usiku, na mpira wa kwanza tu, Tushar Deshpande, mrushaji wa Chennai, alimtoa Phil Salt, mpigaji wa Kolkata. Mpira ulidakwa na Ravindra Jadeja wa Chennai. Sikuwa nimeketi bado. Baada ya hapo Kolkata wakatulia, na ova sita za mwanzo (kila timu hupiga ova 20, na ova ni mipira sita) wakawa na mikimbio 56, yaani pointi, kwa wiketi moja, yaani mpigaji mmoja ametolewa. Ukiwa nyumbani unatazama kwenye televisheni ungesema wanaelekea 200. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kamera haionyeshi. Udongo wa Chepauk ni mkavu na mzito, mpira ukidunda unachelewa, unashika ardhi kidogo kabla ya kuinuka. Mpigaji anakuwa ameshamaliza kuzungusha gongo, mpira ndiyo kwanza unafika. Jadeja alipopewa mpira, ndani ya ova yake ya kwanza akaondoa wawili, Raghuvanshi na Sunil Narine. Alimaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 18 katika ova zake nne. Kolkata wakaishia 137 kwa wiketi 9.

Kwangu mimi hii ndiyo thamani halisi ya tiketi. Chennai wamejenga timu zao kwa miaka mingi kwa kuujua udongo wao. Wanatafuta warushaji wa mpira wa kuzunguka, wapigaji wenye subira, na kocha Stephen Fleming wa New Zealand yuko nao kwenye kazi hiyo tangu 2009. Vikombe vitano vya IPL, 2010, 2011, 2018, 2021 na 2023, havikuja kwa bahati.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Walipoingia kupiga, Ruturaj Gaikwad alifungua na hakutoka mpaka mwisho. Mikimbio 67, tena kwenye udongo ule ambao wenzake wa Kolkata wote walishindwa kuusoma. Alikuwa nahodha mpya, hata wiki tatu hazijaisha tangu akabidhiwe. Alicheza kama mtu mzima. Na jukwaani kwetu jina lake nililisikia labda mara nne.

Shivam Dube akapiga 28 kwa mipira 18, mechi ikawa imekwisha kabisa, imebaki mikimbio 3. Dube akatolewa. Wiketi ya timu yao wenyewe imeanguka, na uwanja mzima ukalipuka kwa furaha. Yule bibi wa mbele akasimama. Mjomba akanishika mkono akaniuliza, "Mjomba, wanashangilia nini, si katoka mtu wetu?" Kabla sijamjibu, Jadeja akatokeza kutoka chumba cha kubadilishia nguo na gongo lake, kelele zikashuka ghafla kama redio imezimwa. Akapiga hatua chache, akageuka, akarudi ndani anacheka. Alikuwa anawatania. Nyuma yake akatoka Mahendra Singh Dhoni, aliyekuwa nahodha wao kwa miaka mingi.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Nimekaa uwanjani siku ya Simba na Yanga, nimesikia watu elfu sitini. Hii ilikuwa kitu kingine, filimbi zote kwa pamoja mpaka meno yanawasha. Andre Russell wa Kolkata, pande la mtu, alikuwa karibu na mstari wa mpaka, akaziba masikio kwa mikono miwili. Dhoni wanamwita Thala, na Kitamili thalai ni kichwa. Alikuja taratibu, anazungusha mabega, anakunja goti la kushoto mara moja, mara mbili. Alicheza mipira 3, akapata mkimbio 1. Kwa watu waliokuwa pale, hiyo ndiyo ilikuwa mechi.

Mjomba alikuwa analia. Dhoni naye alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka ule ule wa 2023, siku chache baada ya fainali ya Ahmedabad, ile iliyokatizwa na mvua ikamalizika saa saba na nusu usiku, Jadeja akapiga mikimbio sita, kisha minne, kwenye mipira miwili ya mwisho. Mjomba aliitazama akiwa kitandani. "Goti lake na langu ni la mwaka mmoja," aliniambia, "na ana miaka 42, tazama anavyosimama." Nilimwelewa. Mapenzi yale nayaheshimu kwa moyo wote, na yana sababu. Timu ilifungiwa misimu miwili, 2016 na 2017, kwa kosa la kamari lililofanywa na kiongozi wake mmoja. Iliporudi 2018 ilicheza mechi moja tu Chepauk, halafu maandamano ya mgogoro wa maji ya mto Kaveri yakazihamishia mechi za nyumbani Pune, zaidi ya kilomita elfu moja. Karibu mashabiki elfu moja wakapanda treni maalumu kuwafuata. Mwaka huo huo, na kikosi ambacho kila mtu alisema ni cha wazee, wakachukua kombe. Watu wa Chennai wana haki ya kumpenda mtu aliyesimama mbele ya yote hayo.

Lakini niliondoka na dukuduku. Jadeja mwenyewe aliwahi kusema mwaka 2023 kwamba akipanda kupiga mapema, watu wanasubiri atoke ili Dhoni aingie. Huyo ni mchezaji aliyewapa kombe. Timu ambayo mashabiki wake wanaombea wiketi zao zianguke inajijengea shida, na wanaolipa ni vijana kama Gaikwad wanaofanya kazi kubwa huku macho ya watu yakiwa mlangoni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Msimu wa 2025 niliufuata nikiwa nyumbani, na uliniuma. Tarehe 28 Machi Bengaluru waliwafunga Chepauk kwa tofauti ya mikimbio 50, na walikuwa hawajashinda pale tangu 2008. Dhoni aliingia akiwa wa tisa kwenye orodha ya wapigaji, mechi imeshakufa, akapiga 30 bila kutoka. Watu wakashangilia mapigo yake ya mikimbio sita. Mimi nilizima sauti. Fleming akaeleza hadharani siku hizo kwamba magoti ya Dhoni hayako kama zamani, hawezi kupiga kwa ova kumi. Kama hawezi, na ni haki yake asiweze, basi nafasi ile ilitakiwa kuandaliwa mtu mwingine miaka mitatu nyuma. Gaikwad akaumia kiwiko, unahodha ukarudi kwa Dhoni, na tarehe 11 Aprili Kolkata wale wale niliowaona wakitaabika wakawabana kwa mikimbio 103 na kuifikia kwa ova 10 na mpira mmoja. Kwenye udongo wa Chepauk! Msimu ukaisha wakiwa wa kumi kati ya kumi, mara ya kwanza katika historia yao. Mwisho wa mwaka Jadeja akabadilishwa kwenda Rajasthan Royals, akaja Sanju Samson, kijana wa Kerala, mlinda wiketi na mpigaji. Kumwona Jadeja bila njano bado sijazoea, ila angalau nimeona wameanza kufikiria kesho.

Kwa anayetaka kwenda, mambo machache. Tiketi yetu ya mechi ilitupandisha metro bure, kituo cha karibu kinaitwa Government Estate, na treni zilikuwepo hadi usiku mwingi. Mechi ilimalizika karibu saa tano. Tulisubiri nusu saa umati upungue, kwa ajili ya goti, na askari mmoja akamletea mjomba kiti bila kuombwa. Vaa nguo nyepesi, Aprili ya Chennai inatokwa jasho hata usiku. Chagua jukwaa la chini kama una mzee. Jezi za barabarani zinachuja rangi, yangu ilipaka shuka njano siku ya kwanza. Na kama masikio yako ni mepesi, beba pamba.

Nyota nne kati ya tano. Kama ningepima usiku ule peke yake ningetoa tano bila kufikiri, ila nimeipima timu yote, na moja nimeibakiza kwa ajili ya Gaikwad, siku nitakaposikia uwanja ule unampigia filimbi yeye kama ulivyompigia mwenzake. Mjomba hakubaliani nami. Anasema nyota ni tano na goti ni zima, na kwamba kliniki ikituita tena mwezi wa Aprili nimtafute mwenye nyumba kwanza kabla ya daktari. Namba yake ninayo.