Wiki mbili za mwiko na chekeche: uzoefu wangu wa mafunzo ya akiolojia Nakuru

Nilijiunga na mafunzo ya vitendo ya akiolojia na uhifadhi wa urithi nje kidogo ya mji wa Nakuru nikitarajia kurudi na hadithi za kuvumbua vitu vya kale. Nilirudi na daftari lililochakaa, magoti yenye sugu na heshima mpya kwa timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima.

Siku ya tatu, nikikwangua udongo kwa mwiko katika mraba wetu wa mita moja, niliona kipande cha obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa, chenye makali ya wembe. Nilikiokota na kukiinua juu kwa furaha. Mwalimu hakukitazama hata kidogo, aliuliza tu, "Kilikuwa wapi?" Nilinyoosha kidole mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umeshavuruga udongo. Basi kikatiwa katika mfuko mmoja na makombo ya chekeche, kikajulikana kwa tabaka lake tu. Tangu hapo sikugusa kitu kabla ya kupima umbali wake kutoka pande mbili za mraba na kina chake chini ya uzi uliouzunguka mraba.

Ziara ya Hyrax Hill, eneo la kale karibu na Nakuru ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, ilinifaa zaidi kwa kuwa ilikuja baada ya kosa hilo. Mtu asiyefundishwa akisimama kando ya mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale waliochimba mazizi yao ardhini, huona vibonde vya nyasi; sisi tulielekezwa kutafuta mlango wa zizi, kisha kichuguu cha samadi na taka kilichorundikwa pembeni mwake, na ghafla ng'ombe wakawa kama wamo humo.

Lalamiko langu linahusu uhifadhi. Ratiba iliahidi siku mbili za kujifunza ujenzi wa kuta za Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, lakini tulipata asubuhi moja ya picha na rundo la mawe ya mazoezi. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri mno: tulijenga nyuso mbili za ukuta, tukajaza mawe madogo katikati, bila saruji wala udongo, na ukuta wangu ukaporomoka mara mbili kabla sijaelewa kwamba jiwe refu hulazwa likielekea ndani, si kando ya uso. Waandaaji walieleza kuwa safari ni ndefu, jambo ambalo ramani ingewaambia kabla ya kupokea ada yetu.

Chakula kilitosha, mahema hayakuvuja. Atakayekwenda abebe kitu cha kupigia magoti, na penseli badala ya kalamu ya wino, maana mvua ya alasiri moja ilifuta lebo za mifuko yetu mitatu, na vigae vilivyokuwamo havina kwao tena.