Kibo na Mawenzi kwa fundi wa mabango, Majengo Moshi

Fundi ninayemzungumzia hapa hana bango. Anachora mabango ya saluni na maduka ya dawa ya mtaa mzima, ila mlangoni kwake pana namba ya simu tu iliyoandikwa kwa chaki, nayo imefutika nusu. Nilipomuuliza alicheka: "Mwalimu, mteja wa kazi hiyo hajaleta advansi."

Nilimwendea mwanzoni mwa mwezi wa tano. Darasa langu la tatu lilikuwa linaandaa igizo la kufunga shule, ile hadithi ya Kichagga ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro. Mawenzi anazima moto wake makusudi ili akaombe kaa kwa Kibo, maana kila akienda anakuta ndizi kavu zinatwangwa, na hakosi kupewa. Mwishowe Kibo anachoka, anamtandika kwa mchi hadi kichwa kinabaki na meno yale tunayoyaona. Kwa hiyo nilihitaji milima miwili, na mmoja ulitakiwa uvunjike mbele ya wazazi.

Alianza na 260,000, tukashushana mpaka 150,000 pamoja na vifaa, nusu mkononi. Kwa fremu mbili za futi 8 kwa 6 sikuona ghali. Plaiwudi peke yake ingemaliza hela yote, na watoto wa miaka minane wangeibebaje? Alitumia papi, zile mbao nyembamba, akavuta kitambaa cha marekani juu yake kwa misumari midogo, halafu akaipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kabla ya kugusa rangi. Ikikauka, kitambaa kinakaza kama ngozi ya ngoma. Hapo nilijua nimefika kwa mtu anayejua kazi. Mwingine angepaka rangi moja kwa moja, kitambaa kikanywa nusu ndoo kisha kikalegea.

Ile sehemu ya kuvunjika ndiyo aliyoipenda. Mawenzi aliuchora na meno yake yote, kisha akautengenezea kofia ya mviringo ya maboksi, vipande vitano, vikabandikwa magazeti tabaka nne kwa uji wa unga wa ngano. Kila kipande kinaning'inia kwenye msumari na kina kamba yake nyuma. Mchi ukigonga, mtoto aliyejificha anavuta, kipande kinaporomoka. Tulijaribu uani kwake mara nyingi hata vijana wa gereji ya jirani wakaacha spana zao, kila mmoja anataka kugonga.

Sasa lawama. Kazi ya Jumatatu niliipata Ijumaa, na kila nikipiga simu jibu ni "rangi inakauka, mwalimu." Kirikuu kikashusha mzigo, watoto wakauzunguka, kabinti kamoja kakauliza, "Mwalimu, mbona Mawenzi iko kushoto?" Kweli kabisa! Ukiwa Moshi ukautazama mlima, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Fundi alinakili picha ya kalenda, na picha yenyewe imepigwa Amboseli, kule Kenya, upande wa kaskazini, ambako mambo yanageuka. Mtu amekaa Moshi miaka thelathini! Alijitetea kwamba wiki zile zote mlima haukutoka, ni mawingu tu, na hilo siwezi kumbishia. Bahati fremu zilikuwa mbili mbalimbali, tukazibadilisha nafasi. Ila mabega yaliyochorwa yakutane katikati yakabaki yanaelea pembeni, ikabidi tuyafiche kwa migomba.

Migomba mingi tulitengeneza wenyewe: mashuka ya mitumba kutoka soko la Memorial, tukayachovya kwenye rangi ya kijani, tukapitisha waya katikati ya kila jani na kulichana kingo kama lililopigwa na upepo. Miwili ya fundi ilikuwa mibaya kuliko yetu. Nilimwambia rangi ya maji tu, yeye akamalizia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye bango la mtu. Taa za ukumbi zilipowashwa, majani yakameta kama sahani zilizooshwa sasa hivi, na harufu ilikaa siku tatu. Amezoea vitu vya kunyeshewa mvua. Mwandikie kwenye karatasi.

Miguu pia hakuweka, kwa sababu bango hupigiliwa kwenye nguzo. Mazoezi ya kwanza Kibo ikamlalia mtoto aliyeigiza mbuzi. Fremu ni nyepesi, haikumuumiza; alitoka chini yake akilia mee kama alivyofundishwa. Kesho yake fundi alikuja mwenyewe kwa baiskeli, akaweka egemeo za pembetatu nyuma, akatuonyesha kuzikandamiza kwa viroba vya mchanga. Hakudai hata nauli.

Kuhusu uji wa ngano: alinishauri atie mrututu kidogo ili panya wasiule. Nikakataa, maana ile ni sumu, na watoto wangeshika vile vipande vya kofia kisha wakale maandazi kwa mikono hiyo hiyo. Sijutii, ila wiki mbili baadaye stoo ya shule ilikuwa imebaki na vipande vitatu. Kama unataka kutunza kazi yako, lipia gundi nyeupe hata kwenye magazeti.

Siku yenyewe kipande cha tatu kiligoma. Kibo wetu akagonga mara ya pili, ya tatu, sasa kwa hasira ya kweli, na kilipoanguka wazazi wa nyuma walikuwa wameshasimama juu ya mabenchi.

Nitamrudia Novemba. Rangi nitanunua mwenyewe, tarehe nitamtajia wiki moja kabla ya ile ninayoitaka, na picha ya mlima nimeshaipiga kutoka uwanja wa shule, asubuhi, ukiwa wazi wote.