Kuchora jiko lifanane na picha ya kamera: rangi za mafuta au akriliki?

Ubishi huu hauishi, na kiini chake ni muda wa kukauka. Tazama ubavu wa sufuria ya alumini: mwanga wa dirisha unafifia polepole kutoka weupe hadi kijivu kilichokolea. Rangi za mafuta hubaki mbichi siku kadhaa, kwa hiyo mpito huo unaulainisha kwa brashi kavu hata kesho yake. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikipakwa nyembamba hukauka ndani ya nusu saa, na kwenye joto la pwani mapema zaidi. Mpito uleule utaujenga kwa tabaka nyepesi kumi au zaidi. Tena ikikauka hukolea kidogo, basi rangi uliyoilinganisha ikiwa mbichi inakuhadaa.

Kwenye kuchora vigae vya ukuta wa jiko mambo hugeuka. Bandika selotepu ya karatasi, paka, bandua: akriliki inakupa mstari mkali siku hiyohiyo. Kwa mafuta utasubiri.

Kusafisha akriliki ni maji na sabuni tu. Mafuta yanadai tapentaini na chumba chenye hewa. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo picha itapasuka. Vanishi, ule mpako angavu wa kulinda picha, husubiri miezi 6 hivi baada ya kumaliza kuchora. Na matambara yenye mafuta ya kitani, yale yanayotengenezea rangi hizi, usiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe.

Anayechorea ndani ya chumba anacholala achukue akriliki. Mwenye oda ya mabirika na glasi, na asiye na haraka, mafuta yatamfaa. Ukitaka vyote, anza na akriliki umalizie na mafuta. Ukigeuza, rangi itabanduka.