Sindano nyembamba au kipande cha nyama: kupima limfoma ya kifuani

Uvimbe unaoshukiwa kuwa limfoma (saratani ya seli za kinga za mwili) ukikaa nyuma ya mfupa wa kidari, katikati ya mapafu, namna ya kuchukua sampuli ndiyo huamua kama jibu litaaminika.

Sindano nyembamba inavutia: ganzi kidogo, dakika chache, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini inachovuta ni seli zilizotawanyika tu. Limfoma haisomwi kwa seli peke yake, husomwa pia kwa jinsi zilivyojipanga. Katika limfoma ya seli B (aina ya seli nyeupe za damu) inayoanzia kifuani, nyuzi ngumu kama kovu huzizingira seli, na sindano hutoka na chache tu, tena zimepondeka. Kwenye limfoma ya Hodgkin, seli kubwa zenye ugonjwa ni chache mno katikati ya umati wa seli za kawaida, hivyo ni rahisi kuzikosa. Na matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani.

Kipande kizima, kwa sindano nene au upasuaji mdogo, humpa mwanapatholojia, daktari anayesoma sampuli kwa hadubini, nyama ya kutosha kupima alama za CD20, CD30 na CD15, protini za seli zinazosaidia kutofautisha magonjwa haya. Nakipendelea bila kusita. Hatari kubwa iko kwenye nusukaputi: uvimbe mkubwa unaweza kubana njia ya hewa mgonjwa akilazwa chali. Hapo sindano nene kwa ganzi, ikiongozwa na picha za skani, ni salama zaidi.

Kwa njia yoyote ile, dawa za steroidi zisubiri sampuli, isipokuwa pumzi imebanwa sana: zinaweza kuusinyaza uvimbe kabla haujatambuliwa.