Rivyu ya fundi aliyenihudumia ampu ya gitaa, Deluxe Reverb ya 1965

Jamani wenye ampu za zamani za tyubu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) mnaoogopa kuzipeleka kwa fundi nawaelewa kabisa, manake nimeona ampu safi za miaka ya 60 zinarudi zimejazwa vifaa vipya kila kona na sauti yake ndo imekufa. Yangu ni Fender Deluxe Reverb ya 1965, wati 22, tyubu mbili za aina ya 6V6 kwenye pawa, yaani sehemu inayosukuma spika, na huyu fundi nampa nyota nne na nusu.

Kilichofanya nimwamini ni vitu alivyokataa kubadilisha. Transfoma ya sauti, ile inayopeleka sauti kwenye spika, haigusi mtu, spika ya asili inabaki, hata nilipomwambia aweke kapasita (vifaa vidogo vinavyoshika chaji ya umeme) za kisasa njia nzima ya sauti akasema subiri kwanza tupime. Akanyanyua mguu mmoja wa kila kapasita ya bluu inayopitisha sauti kutoka tyubu moja kwenda nyingine, akawasha, akashika mita upande ule usiotakiwa kuwa na umeme wa DC. Isiyovujisha akairudisha palepale, iliyovujisha hata volti moja ikatolewa, basi.

Alichobadilisha ni vile vinavyozeeka hata ampu ikikaa tu stoo, yaani kapasita zote za elektrolitiki za kuchuja umeme, maana majimaji ya ndani hukauka na zikishavuka miaka 20 au 30 ni bahati tu, ikipiga shoti moja inaweza kuondoka na transfoma ya umeme na hapo kupata nyingine ya asili ni shughuli. Nilichopenda, palipokuwa na mikrofaradi 16 kaweka 16, hakupandisha, kwa sababu ukizidisha sana unaitesa tyubu ya rektifaya GZ34, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, na ampu inakaza, ule utamu wa kupiga kodi za gitaa kwa nguvu sauti ikanywea kidogo halafu ikapanda unaupoteza. Kapasita ndogo ya bayasi, yaani umeme unaozizuia tyubu za pawa zisipitilize, nayo kaibadilisha, hiyo wengi wanaisahau na ikifa tu 6V6 zinawaka nyekundu mpaka zinaungua.

Waya wa umeme wa pini mbili kautoa, kaweka wa pini tatu wenye ethi iliyofungwa vizuri kwenye chasisi (bodi ya chuma ya ampu), na ile kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na chasisi kaikata kabisa, hiyo ikipiga shoti nyuzi za gitaa lako zina umeme wa nyumba mzima. Halafu kaongeza rezista za ohm moja chini ya kila 6V6 ili bayasi ipimwe kirahisi, kaiweka miliampea 20 hivi kila tyubu. Hizo hazibadilishi sauti hata chembe.

Sasa mngurumo wa umeme umeisha, nyuzi za besi zimetulia, na ukifungua volyumu mpaka 6 gitaa bado linakoroma kwa utamu ule ule.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ilirudi na mchakacho kama wa mafuta ya moto, kumbe ni rezista moja ya kaboni ya kilo-ohm 100 kwenye tyubu ya kwanza, ilitakiwa aisikie mapema kabla hajanikabidhi. Niliirudisha akabadilisha hiyo moja tu, bure, zingine kaziacha. Vifaa vyote vya zamani kanipa kwenye mfuko na mnunuzi akija siku moja atavitaka, ila msifungue wenyewe kama hamjui, kapasita zinashika chaji hata plagi ikiwa nje na volti 400 na ushee hazina mswalie Mtume.