Daktari wa kupima mitamba kutoka Kabete: nyota nne, na sababu ya kumnyima ile ya tano

Tunaofuga kwa simu tuko wengi hapa Nairobi. Mimi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, ng'ombe wangu wa nyama aina ya Borani wako Isinya, Kajiado, na katikati yuko mchungaji mzee na simu yake ya mulika mwizi. Swali linalotusumbua kila mwaka ni lile lile: mitamba gani wabaki wawe mama, na gani waende machinjioni Dagoretti? Ng'ombe wa nyama hana debe la maziwa la kukuliwaza. Kazi yake ni ndama mmoja kila mwaka, basi. Mtamba asiyeshika mimba amekula nyasi, chumvi na dawa ya kupe kwa miaka miwili bure.

Ndiyo maana nilimwita daktari huyu. Ana kiofisi upande wa Kabete, anatoza shilingi 500 kwa kila mtamba na mafuta ya gari juu yako. Anakuja na mizani ya umeme, mashine ya picha kama ile ya kliniki ya wajawazito, na kifaa cha chuma cha kupimia nyonga kwa ndani. Wewe unatakiwa uwe na krashi imara, ile njia nyembamba ya kumbana ng'ombe asimame, na vijana wawili wa kusukuma. Kama krashi yako ni ya miti iliyofungwa kwa kamba za manila, rekebisha kwanza, maana hatapanga foleni ya mateke.

Mizani ndiyo ilinishtua mapema. Ng'ombe wangu wazima wanacheza kwenye kilo 400, kwa hiyo mtamba wa kupandishwa awe amekaribia kilo 240, yaani asilimia 60 ya uzito wa mkubwa. Nilikuwa natumia utepe wa kuzungusha kifuani nyuma ya nundu. Utepe ulimpa mmoja kilo 260, mizani ikasema 228. Tofauti hiyo ni mtamba wa kupelekwa kwa fahali au wa kungoja mvua nyingine.

Halafu nyonga. Anaingiza kifaa, anasoma urefu na upana wa njia ya kuzalia, anazidisha, anaandika. Kuna mwekundu mmoja mwenye makalio mapana, yule ambaye kila mgeni humwonyesha kidole. Nyonga yake kwa ndani ilikuwa finyu kuliko ya wenzake wote. Upana wa nje ni nyama na mifupa ya juu. Ndama hapiti huko. Kwa kazi hii pekee ningelipa tena, kwa sababu ndama akikwama usiku kule Isinya, mimi niko Umoja huku Nairobi nimelala na daktari wa karibu hashiki simu.

Mfuko wa uzazi na ovari anavipa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 ni mtoto bado: mfuko mwembamba, ovari hazina kitu. Alama 5 ameshaanza kuzunguka siku zake 21 na picha inaonyesha kile kiuvimbe kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Wa 4 na 5 ni wa kupandisha sasa, wa 3 yuko mlangoni. Wa 1 akiwa na umri sawa na wenzake, na chakula walikula kimoja, usimwonee huruma.

Sasa nifike kwa yule niliyemnunua soko la Kiserian. Mrefu, ngozi inang'aa, kilo zake zinawapita wote, na nilikuwa nimeshampa cheo cha mama wa boma. Daktari alipoingiza mkono alinyamaza muda, akaomba mrija mwembamba, akaupitisha. Ulikwama karibu. "Mama, huyu alizaliwa pacha na dume?" Nitajuaje? Sokoni muuzaji anakuambia habari za malisho, za pacha hakuambii. Ndama jike akikaa tumbo moja na ndugu dume, damu zao huchanganyika kupitia kondo la nyuma, homoni za dume zinavuruga uzazi wake kabla hajazaliwa, na zaidi ya asilimia 90 ya majike hao ni tasa. Ndiyo maana alikuwa na umbo la maksai. Pesa hazikupotea zote, kwa sababu mfanyabiashara wa Dagoretti anapenda umbo hilo hilo. Lakini fikiria ningemweka na fahali, nikingoja.

Mwingine alikutwa ana mimba tayari, kazi ya fahali wa jirani. Daktari alieleza njia zilizopo bila kunisukuma, nikashukuru.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu hii. Daktari anampima mtamba kama vile ameanguka kutoka mbinguni. Fomu yake haina mahali pa kuandika mama yake ni nani. Kulikuwa na mmoja mdogo, kilo 236, alama 3, akawekwa upande wa kuuzwa. Mchungaji wangu akakohoa. "Mama, mama yake huyo alizaa ukame ule wote, na hakuwahi kuanguka." Anasema ukame wa 2020 hadi 2023, ule uliojaza mizoga kandokando ya barabara Kajiado nzima. Ng'ombe aliyeshika mimba mwaka kama huo na kulea ndama wake ana kitu ambacho mizani haikioni. Daktari akajibu kwa adabu, "Sawa mzee, ni maoni pia." Maoni! Huyo mdogo amebaki, tena mbele ya wengine waliopata alama nzuri.

Badala yake alitumia muda kumsifia mmoja mweupe kwa nundu na rangi, maneno ya maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park. Mimi sifugi utepe wa mshindi. Kwato zake za nyuma zinapishana na kila akiona binadamu anatafuta pa kurukia. Hayo mawili yalinitosha kumkataa.

Mambo madogo: alichelewa, akalaumu msongamano wa Mlolongo kama sote. Ripoti ilikuja WhatsApp, picha ya karatasi ya mkono, 1 na 7 hazitofautiani. Akajaribu pia kuniuzia mbegu za fahali mkubwa wa kizungu, kwa mitamba wanaozaa mara ya kwanza! Nilikataa; mzao wa kwanza nataka ndama mdogo wa Borani.

Ukimwita, mwite kabla ya mvua ndefu ili uwe na muda wa kuwalisha waliopungukiwa kilo. Mchungaji wako asipelekwe machungani siku hiyo, asimame hapo kwenye krashi na ataje mama wa kila mmoja, wewe uandike pembeni mwa namba za daktari. Na malipo ni kwa M-Pesa akishamaliza wa mwisho, ingawa ataomba nusu akifika.