Vikombe vya utando vya kuoteshea ngozi ya kuku: nyota nne

Nimevitumia miezi minne hapa Edinburgh kuotesha ngozi ya mgongo ya kiinitete cha kuku. Kikombe kimoja ni upana wa kizibo cha soda, chini kina utando mweupe wenye vitundu usivyoviona kwa macho. Unakiweka kwenye sahani, unamimina midia (maji yenye virutubisho vya ngozi) hadi iguse utando kwa chini, ngozi inakaa juu. Chakula inakipata chini, hewa juu.

Mwanzo nilikuwa naiacha ngozi ielee tu. Asubuhi naikuta imejikunja kama manda za sambusa zilizosahaulika bila kitambaa. Kwenye kikombe naitandaza kwa kibano, upande wa nje juu, nafyonza maji yaliyobaki, inatulia. Yai liwe la siku 7 hivi, manyoya yakiwa ndiyo kwanza yanajipanga. Kesho yake unaona mstari wa vinundu, ndiyo mianzo ya manyoya, katikati ya mgongo. Keshokutwa safu zimeongezeka kulia na kushoto, kila kinundu kwenye upenyo wa wenzake, kama shamba la mahindi lililopandwa kwa kupishanisha mashimo.

Kilichonikamata zaidi ni shingo. Mama anafuga kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, kule Singida, na watafiti wa mji huu huu walionyesha mwaka 2011 kwamba shingo ile hubaki tupu kwa sababu protini ya BMP12 inazidi kwenye ngozi. Ukitia protini ya jamii hiyo ya BMP kwa kipimo cha wastani kwenye midia ya ngozi ya kuku wa kawaida, vinundu vya shingoni vinatoweka, vya mgongoni vinabaki. Nimerudia mwenyewe, nikamtumia mama picha. Akajibu: "Mwanangu, na huyo analiwa?"

Sasa lawama. Boksi la vikombe 50, vitatu vilikuwa vimeachia utando pembeni. Midia ikapanda, ngozi zikaelea, wiki ikapotea. Muuzaji akataka namba ya boksi, nami boksi nilishalitupa, basi, kimya. Siku hizi natia tone la midia ndani kwanza, nangoja dakika 5. Ikivuja pembeni, kikombe hakitumiki. Kuosha ili utumie tena, sahau: nilijaribu kwa ubahili, kuvu ikala sahani nzima.

Nitanunua tena, bei inauma lakini sina pa kukimbilia. Boksi hili la sasa nimelifungia kabatini, na namba yake.